Bangili za Salamu

Siku hizo watu walikuwa hawasalimiani tena kwa mdomo. Bangili ya mkononi ndiyo iliyosalimia kwa niaba ya mwenyewe kila asubuhi, nyumba kwa nyumba. Siku bangili ya Bi Mize ilipozimika, alijikongoja na goti lake lililovimba mpaka kwa jirani, Saumu, akapiga hodi.

Saumu akafungua, macho yamemtoka. "Kuna moto, bibi?"

"Moto wa nini, mwanangu! Nimekuja kukujulia hali."

"Kwa miguu yako?" Saumu akaangua kicheko, akamkalisha, akammiminia chai ya tangawizi. "Haya, shikamoo. Habari za nyumbani?"

"Marahaba. Salama, ila hili goti, miezi mitatu sasa silali."

"Miezi mitatu! Mbona bangili yako kila siku inaniambia salama?"

"Si ndivyo tunavyoanza sote? Shida zinafuata baadaye. Bangili yenyewe imejifunza huo mwanzo tu, chizi huyo!"

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Saumu akamkanda goti kwa mafuta ya nazi ya moto, huku wakipiga soga za kuku, za harusi, za nani kanenepa. Bi Mize hakukumbuka lini alifurahi hivyo.

Bangili ya Saumu ikaita kwa sauti tamu. "Mama yako wa Kilwa anakusalimu. Ni salama."

Mkono wa Saumu ukasimama juu ya goti. "Bibi, huu mwaka wa pili ananiambia salama."

Bi Mize akaweka kikombe chini, akaanza kutafuta viatu vyake.

"Basi la Kilwa linaondoka saa ngapi?"