Aliyetikisa Kichwa

Kila mwaka, vijana wa zamani wa bweni moja walikutana katika mgahawa uleule, wakaitandaza picha yao ya shule mezani, na kwa taadhima ya mazishi ya chifu wakamchorea msalaba miguuni kila aliyefariki. Mwaka huu Mzee Ngwandu alikuja peke yake. Akaagiza chai mbili kwa mazoea, akamchorea msalaba Lubasha, mwenzake wa mwisho, kisha akahesabu. Misalaba ilikuwa ishirini na miwili. Vijana walikuwa ishirini na watatu.

"Babu, wewe ni yupi?" aliuliza Sikudhani, mwenye mgahawa.

"Huyu hapa."

"Mbona hana uso? Moshi mtupu!"

"Mpiga picha alituonya tusitikisike. Wenzangu wakatii." Akanywa chai. "Si unawaona walivyotulia?"

Kisha akamsogezea kalamu. "Siku ukisikia habari zangu, mwanangu, nichoree na mimi. Sina mwingine wa kumwachia kazi hii."

"Mie simchorei msalaba mtu anayekunywa chai yangu," alisema Sikudhani, lakini kalamu akaichomeka kwenye kilemba. Akatoa simu. "Ila uso nitakutafutia. Tulia, babu. Usitikisike."

Mzee akafunga kifungo cha shingoni. Akatulia mbele ya vikombe viwili, kimoja hakijaguswa. Akatulia kama wenzake, mpaka akaanza kuogopa.

Sikudhani alipoinua kidole kupiga picha, mzee akatikisa kichwa kwa nguvu zake zote.