Mwizi wa Paani

Katika filamu, mume wa Irmgard alikuwa akiruka na kuanguka badala ya mwigizaji maarufu. Kampuni ilimwambia Irmgard kwamba aliteleza akafa kwenye mazoezi, kabla mkono wa kamera haujaanza kuzungushwa.

Sasa, ndani ya jumba moja la sinema la Berlin, Irmgard alimwona kwenye pazia la picha mwizi akining'inia kwenye paa la kiwanda. Mkono ulipapasa ukingo. Kidole cha mwisho hakikuwepo. Msumeno ulimkata mumewe kidole hicho mwaka waliooana.

Mwizi akaanguka. Watu wakapiga makofi.

"Usiogope, dada," jirani yake alimnong'oneza. "Huyo ni mdoli tu, amejazwa nyasi."

Kwenye pazia, mwigizaji maarufu aliinuka pale chini, akajikung'uta koti, akakimbia.

Irmgard akasimama. Kivuli chake kikafunika pazia.

"Kaa chini, mama, unatuzibia," mtu wa nyuma alifoka.

Hakukaa. Alisubiri mpiga piano aliyeisindikiza filamu hiyo isiyo na sauti anyamaze, awaambie aliyeanguka ni nani.