Mifuko ya Joho

Uteuzi wa Jaji Nasike kwenda mahakama ya juu ulitangazwa asubuhi. Mchana alikwenda kwa Mbaruku, fundi cherehani, kujaribu joho jipya. Barabarani wafuasi wa chama cha kijani walishangilia, "Huyo ni wetu!" Wa chama cha manjano walizomea, "Kibaraka!"

Ndani ya duka, Jaji alivaa joho, akatia mkono mfuko wa kulia, akatoa bahasha ya kijani.

"Mwenyekiti wao alipita kuangalia kitambaa, mheshimiwa," Mbaruku alisema, macho chini.

Jaji hakuifungua. Alivua joho. "Fumua mifuko, fundi. Yote miwili."

Mbaruku alishika wembe, akakata uzi mmoja mmoja. Alipofika mfuko wa kushoto, bahasha ya manjano ikaanguka.

Wote wawili wakaitazama pale sakafuni. Nje, wa manjano walizidi kuzomea.