Bata wa Onyesho la Mchana

Simu ilipoanza kulia, Wilfred Braithwaite alikuwa wa kwanza kugeuka kumtafuta mkosaji.

Aligeuka na ile sura yake inayojulikana mji mzima wa Skelby, sura iliyokwisha kuwanyamazisha wafungua peremende, wakohoaji, na safari moja hata kasisi wa kanisa lake mwenyewe. Akatazama kushoto, akatazama nyuma. Wote walikuwa wakimtazama yeye.

Hilda, mkewe, akamgusa kiwiko. "Mzee," alinong'ona, "koti linalolia ni lako."

Na afadhali ingekuwa kengele ya kawaida. Mjukuu wao alikuwa ameichezea simu ile sikukuu ya Krismasi, na tangu hapo ililia kama bata aliyekanyagwa mkia. Wilfred akapekua mfuko huu, akapekua ule, akatoa leso, akatoa miwani. Bata akaendelea.

Na wakati wa kulia usingeweza kuwa mbaya kuliko ule. Jukwaani alisimama Leonard Askew, mzaliwa wa mtaa wa nyuma ya jumba lile lile la maonyesho, aliyerudi uzeeni kuiaga kazi yake mbele ya watu wa kwao. Katika mchezo huo alikuwa mfugaji kondoo anayeagana na bintiye wa pekee mlangoni. Na alikuwa amenyamaza. Alinyamaza mpaka vile viti vya mbao vya tangu enzi za mishumaa, ambavyo mtu akipumua tu vinalalamika, navyo vikatulia. Mkono wake ulipapasa meza, macho yakashuka kwenye viatu. Na hapo ndipo bata alipoanza.

Askew alishtuka. Aliangalia huku gizani waliko watazamaji, akageuza mgongo, akatoka jukwaani. Binti wa mchezo akabaki peke yake ameshika sanduku lake la safari.

Wilfred aliipata simu hatimaye. Aliyepiga alikuwa binti yao, na bila shaka alitaka kujua kama onyesho ni zuri. Akaizima, akatamani sakafu ipasuke immeze. Askew alirudi baadaye kidogo, akasema maneno yake yote mpaka mwisho, haraka haraka, na pazia likashuka. Watu walipiga makofi wakisimama. Wilfred hakupiga. Aliona hana haki.

Mlangoni, watu wakigombania miavuli yao, mama mmoja mwenye koti la mvua la manjano alimsimamisha.

"Wewe ndiye mwenye bata?"

"Ndiye huyu," Hilda akajibu kabla yake.

"Mimi nimerudi mara ya pili kwa ajili ya ukimya ule tu, bwana. Jumanne aliuweka kabla ya kumvalisha binti koti, leo kauweka baada. Kila siku anauhamisha. Huo ndio usanii. Wewe unatuletea mifugo."

"Unisamehe, mama."

"Nikusamehe mimi kama nani? Kamwombe mwenyewe."

Maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Yeye na Hilda walianza kuchumbiana kule juu kabisa kwenye viti vya bei rahisi, wakimtazama Askew kijana akipigana kwa upanga wa mti. Tangu hapo hakuwahi kukosa mchezo wake hata mmoja mjini pale. Maisha yake yote amewakaripia wenzake ili mtu kama yule asikizwe, na katika mchezo wa kuagana, aliyemharibia ni yeye.

"Twende nyumbani ukanywe chai," Hilda alisema. "Watu watasahau."

"Watu watasahau. Yeye hatasahau."

Alimwacha mkewe pale kwenye ngazi, akazunguka kichochoro cha pembeni huku mvua ikimnyeshea, mpaka kwenye mlango wa wasanii. Bawabu hakuinua hata uso kutoka kwenye kikombe chake.

"Bwana Askew hapokei wageni. Jioni ana onyesho jingine, anapumzika."

"Mwambie ni yule mwenye simu."

Bawabu akamtazama vizuri sasa, kama anayemhurumia, akaingia ndani. Alirudi upesi kuliko alivyoondoka. "Anasema upite. Na usikawie."

Wilfred akapita. Alimkuta Askew amekaa mbele ya kioo, bado na koti la mfugaji, rangi ya uso imefutwa nusu. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko alivyoonekana jukwaani. Nimemuumiza kweli, Wilfred aliwaza.

"Ni wewe?"

"Ni mimi." Wilfred akavua kofia, maji yakamdondokea viatuni. "Sikuja kujitetea, Bwana Askew. Nimekuvunjia heshima mbele ya watu wa kwenu. Ukimya kama ule sijapata kuuona, na nimeuua kwa mkono wangu. Ukitaka nisikanyage tena jumba hili, sema tu, sitakanyaga."

Askew aliinuka, akachungulia kwenye ujia, akafunga mlango na kuugandamiza kwa mgongo.

"Mkurugenzi kaniambia nikikwama tena hata mara moja, nafasi yangu anapewa mwingine," alisema kwa sauti ya chini. "Leo ni wewe tu uliyenipa sababu ya kutoka nikasome maneno niliyosahau." Akamshika Wilfred mkono wa koti lililolowa. "Jioni hii kaa kiti kile kile, ndugu yangu. Na simu usiizime."