Mama Anapanda Treni

"Hapa daktari anamwambia huyu mama hatapona," fundi cherehani alisema, leso mkononi tayari.

Bintiye aliikodolea macho televisheni. "Mbona daktari anatabasamu?"

"Ndivyo walivyo hao. Wewe tazama."

Fundi aliitazama kanda ile ya filamu mara moja tu, akiwa na miaka kumi na minne, na hakuisahau. Lugha yake yeye na ndugu zake hawakuijua, ila kaka yao mkubwa alipikia wageni walioizungumza, akaiokota jikoni kwao mpaka ikamkaa. Siku ile alikaa kando ya televisheni akiwafasiria wadogo zake wanne. Sauti ya mwanamume yeye, ya mwanamke yeye, hata ya mbwa yeye.

Binti alikuwa akihangaika na rimoti, akitafuta maandishi ya tafsiri. Yeye ndiye aliyeipata filamu mtandaoni.

"Mjomba kaniuliza habari zako tena leo," alisema. "Hali yake si nzuri, mama. Madaktari wamekata tamaa."

"Asinisubiri."

"Miaka thelathini hamsemezani!"

"Hata iwe hamsini. Mama yetu alikata roho hospitalini saa sita mchana, yeye kamshika mkono. Akarudi nyumbani, tukamuuliza, mama anaendeleaje? Akanyamaza. Akatuwekea filamu! Baba alikuwa safarini. Alipofika kesho yake ndipo tukaambiwa, tena na baba." Akakunjua leso. "Mtu mwenye moyo anaweza hivyo?"

Kwenye televisheni, mwanamke alikuwa kituoni akiwakumbatia wanawe mmoja mmoja. Kisha akapanda treni.

Fundi akaanza kulia, uchungu ukiwa uleule. Siku ile walilia wote wanne mpaka wakapitiwa na usingizi mapajani mwa kaka yao. Aliwafasiria kwamba mama yule anakwenda asikorudi. Anawaomba wasigombane, wale vizuri, wamsikilize mkubwa wao, ambaye hatawaacha. Hapo sauti ya kaka ilikatika, nao wakamsifu moyoni kwa kuigiza vizuri.

"Maandishi yametokea!" binti akasema.

Treni iliondoka taratibu. Mwanamke akatoa kichwa dirishani, akawapungia wanawe mkono, akapaza sauti. Maneno yakajipanga chini ya skrini: *Nitarudi Jumapili! Mkimaliza keki yote, nitajua!*

Binti aliangua kicheko.

Fundi akamwomba arudishe nyuma. Akayasoma tena, polepole, akitafuta yale ya kutogombana na kula vizuri. Hayakuwemo.

"Mjomba wako," akasema, akisimama, "yuko wodi namba ngapi?"