Mraba wa Kumi na Saba

Profesa alipiga magoti kwa shida, akaulaza mraba wa waya wa kuhesabia nyasi pale ramani ilipoonyesha namba kumi na saba. Waya ukagonga jiwe. Ndani ya mraba wote, mwamba mtupu.

Mwanafunzi wake alitamani ardhi ipasuke immeze. Siku aliyotumwa kuhesabu, jua lilikuwa kali; alikaa kivulini, akajaza daftari kwa kukisia.

"Nyasi arobaini na tatu," mzee akasoma daftarini. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akautazama tena mwamba.

"Hebu njoo unihesabie, binti yangu. Macho yangu siku hizi hayaniambii kweli."

Binti akapiga magoti kando yake. Jiwe lilikuwa la moto. Mzee alikwishashika kalamu, anangoja.