Kanzu ya Mbwana

Siku hizi nguo isiyovaliwa siku arobaini huchukuliwa na kata, na kabati la kila nyumba ndilo linalotoa taarifa. Siku ya thelathini na tisa, Bi Rukia aliivaa kanzu ya marehemu mumewe, akashinda nayo kutwa akimwomba Mungu amwachie angalau hiyo.

"Wifi, umekuwa bwana harusi!" alitania Mwanaidi, dada wa marehemu, machozi yakimlenga.

"Cheka tu. Haitoki humu ndani."

Jioni alipoirudisha, kabati likasema kwa upole, "Imevaliwa. Kuanzia leo ni kanzu ya Rukia."

"Ni ya Mbwana!"

"Mbwana hana tena nguo katika nyumba hii."

Bi Rukia aliivuta kanzu puani. Ilinuka jasho lake mwenyewe.